Nataka kufungua ofisi ya uwakili Ifakara, peke yangu. Nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo dada wakili. Niliapishwa mwaka jana baada ya mafunzo ya uanasheria kwa vitendo. Nina miezi minane katika ofisi ya mawakili Dar es Salaam, kazi yangu kubwa ni kutumwa mahakamani kuomba ahirisho. Nyumbani ni Ifakara, mkoani Morogoro. Kila nikienda likizo watu wanajaa barazani kwa mama: shamba la marehemu, mkataba wa bodaboda, mume aliyeuza mpunga wote. Nataka nirudi nifungue ofisi ndogo ya watu hawa. Wenzangu wanasema nitakufa njaa kwa kuwa watu wa kule hawana hela ya wakili. Wazee wa kazi wanasema nisubiri miaka mitano. Je, inawezekana? Na nani wa kunishika mkono?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuapa.

Inawezekana. Mimi nilianza hivyo hivyo: chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, meza, kabati la chuma na mhuri, katika mji mdogo kuliko Ifakara. Sikufa njaa. Lakini yako mambo mawili matatu niliyoyalipia ghali kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuniambia, na hayo ndiyo nitakayokawia nayo hapa.

Hii miaka mitano ya kusubiri, inategemea utaitumiaje. Kama ni ya kuomba ahirisho, hata kumi haitakufaa. Jipe miezi michache na uyatafute haya kwa makusudi. Fuatilia shauri moja la ardhi tangu maombi yanapoingia Baraza la Ardhi na Nyumba hadi hukumu inaposomwa. Muombe bosi wako akuachie umhoji shahidi wa upande wa pili, hata mmoja, hata kwa dakika kumi. Andika sababu za rufaa mwenyewe, mtu akusahihishe. Na ufuatilie ukazaji wa hukumu, yaani kuitekeleza, mpaka mwisho, kwa sababu mteja wa kijijini hali karatasi ya hukumu. Anataka jirani atoke shambani. Ukishayapitia hayo, nenda.

Sasa hili la watu kukosa hela. Silikubali, na watazame vizuri hao waliojaa kwa mama utaona kwa nini. Wanalipa tayari. Wanamlipa kishoka anayeandika nyaraka chini ya mti karibu na mahakama. Wanalipa nauli za kwenda na kurudi mara sita kwa shauri lililofunguliwa mahakama isiyokuwa na mamlaka. Wanalipa posho za vikao visivyo na kikomo. Kinachowakimbiza kwa wakili ni kutojua malipo yanaishia wapi. Mtu anaambiwa "laki tano ya kuanzia", anauliza ya kumalizia ni ngapi, wakili anamjibu "itategemea". Anaaga kwa adabu na harudi tena. Mimi nisingerudi pia.

Kwa hiyo kazi yako uikate hatua kwa hatua, kila hatua na bei yake, na mteja awe na uhuru wa kusimama baada ya hatua yoyote. Nikupe mfano wa mirathi, maana ndiyo itakayokujia kila wiki.

Anakuja mama mjane. Mumewe ameacha nyumba, ekari nne za mpunga na akiba kidogo benki. Hatua ya kwanza ni kumkalisha na kujua aende mahakama ipi. Kama marehemu aliishi kwa mila zake au kwa sheria ya Kiislamu, mahakama ya mwanzo inaweza kulisikiliza. Kama mwenendo wa maisha yake unaonyesha aliachana na mila na alikuwa Mkristo, shauri linakwenda ngazi za juu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Jambo hili linaonekana dogo, lakini nimeona familia imegawana kila kitu, watoto wamejenga, kisha miaka baadaye uteuzi wa msimamizi unafutwa kwa sababu mahakama iliyomteua haikuwa na mamlaka. Ushauri wa saa moja ungeliwaepusha. Saa hiyo ina thamani, itoze.

Hatua ya pili, tuseme shauri ni la mahakama ya mwanzo, ni makaratasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo (sheria haikiweki kama sharti, ila hakimu atakiulizia, kwa hiyo aende nao), Fomu Na. 1 ya maombi, orodha ya warithi. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Mama akishateuliwa kuwa msimamizi anadhani amemaliza, kumbe anatakiwa awasilishe taarifa ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi minne, na baadaye hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Shemeji anayetafuta sababu ya kumwondoa ataipata hapo. Weka tarehe hizo kwenye daftari lako, mpigie simu wiki mbili kabla.

Ona kwamba katika hatua zote tatu hujasimama mahakamani hata mara moja. Kwa muda mrefu sheria ilituzuia mawakili kabisa kusimama mahakama ya mwanzo, na mlango ulipofunguliwa ulifunguliwa pale tu shauri linapokuwa mbele ya hakimu mkazi. Mama anakwenda mwenyewe, akiwa amejiandaa, akijua ataulizwa nini na ajibu nini. Analipa sehemu tu ya kile ambacho angelipa kama ungekaa naye kwenye benchi siku nzima, na wewe siku hiyo umewahudumia wengine watatu.

Kila hatua iandikie karatasi moja. Andika utakachofanya na usichofanya, ada, gharama za mahakama na nauli zikiwa mstari wake, na siku ya kulipa. Andika kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kwa hiyo hatuna tena kisingizio cha kumpa mkulima mkataba wa Kiingereza aweke dole gumba. Msomee kwa sauti. Muulize akueleze alivyoelewa. Dakika kumi hizo zitakuokoa na malalamiko mengi.

Kuhusu siku ya kulipa, bonde la Kilombero linakula kwa mpunga. Hela inaingia baada ya mavuno, na mwenye shida mara nyingi ameshauza mpunga ukiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Ukimpangia malipo ya kila mwisho wa mwezi kama mfanyakazi wa benki, atakukwepa hadi aone aibu kukutana nawe sokoni. Mpangie kiasi kidogo sasa na kilichobaki baada ya mavuno, kwa tarehe iliyoandikwa. Wengi watalipa. Ila usikubali kamwe kulipwa kipande cha shamba lenye mgogoro. Siku hiyo utakuwa umegeuka kuwa mdaawa, na maadili yetu hayakubali.

Bei yenyewe uipate kwa hesabu. Chukua mfano huu wa kubuni, uweke namba zako. Kodi ya chumba, umeme, intaneti, karatasi, ada za chama na za cheti cha kila mwaka zikigawanywa kwa miezi 12, pamoja na chakula chako na cha wanaokutegemea, tuseme ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Siku za kazi ni 22. Nane zitaishia kwenye korido za mahakama na barabarani, mbili utazitoa bure kwa wasiojiweza. Zinabaki 12. Kwa siku utapata saa tano za kazi inayolipika, nyingine zitakwenda kwenye simu, foleni za ofisi za umma na wageni wa salamu. Hizo ni saa 60. Gawanya: kila saa lazima ilete shilingi 20,000 ndipo usiingie hasara. Mkataba wa kuuziana shamba unaokula saa tatu, ukiuandika kwa shilingi 15,000 kwa sababu jirani yako anatoza hivyo, umemlipa mteja ili akupe kazi. Halafu linganisha na Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015, Tangazo la Serikali Na. 264, kabla hujabandika bei yoyote. Wengi wetu tulianza kwa kubahatisha bei kwa kumtazama mteja viatu. Ni tabia mbaya na watu wanaijua.

Niseme jambo kuhusu mhuri, kwa uzito wote. Ukifungua tu, watakuja watu na hati za kiapo zilizoandikwa na mtu mwingine, wakitaka ugonge mhuri haraka kwa elfu tano. Wengine watakuomba uwasainie karatasi za akiba wakae nazo. Njaa ya miezi mitatu ya mwanzo itakushawishi. Usifanye. Sheria ya Wathibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inataka sehemu ya uthibitisho ionyeshe mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa, na mwapaji lazima awe mbele yako, umjue au atambulishwe na unayemjua. Viapo vinatupwa nje kwa kasoro hizo, na jina linaloonekana pale ni lako. Mahakimu wa mji mdogo ni wachache. Wakishajua mhuri wako hauna thamani, hata hoja zako nzuri watazisoma kwa mashaka.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, nani wa kukushika mkono, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoumia.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mlinzi aliyeachishwa kazi. Alikuja siku ya 24 tangu apewe barua. Kichwani nilikuwa na siku 60, nikamwambia tuna muda, akatafute kwanza hati zake za mishahara. Siku 60 zipo kweli, lakini ni kwa migogoro mingine. Ukiachishwa kazi isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile sote tunayoiita CMA, unaifikia ndani ya siku 30. Tuliwasilisha siku ya 41. Niliomba kuongezewa muda, ombi likakataliwa, kwa haki kabisa, kwa kuwa uzembe au kutojua kwa wakili hakuhesabiki kuwa sababu ya msingi. Nilimfuata nyumbani, nikamweleza mbele ya mkewe kwamba kosa ni langu, nikamrudishia kila shilingi. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Nilikuwa na simu mfukoni na majina ya mawakili wakubwa kumi, nikaona aibu kupiga kwa swali la mwanafunzi.

Basi kabla hujalipia chumba, tafuta mtu mmoja utakayempigia bila aibu. Awe wakili mwenye miaka kumi na zaidi, ikiwezekana yuko Morogoro ili akujue wewe na azijue mahakama unazokwenda. Usimwendee na maneno ya jumla ya "nilee". Mwendee na makubaliano: wewe utamfanyia utafiti wa hukumu na rasimu mbili kwa mwezi, utasimama kwa niaba yake Ifakara siku shauri lake likitajwa, ili asisafiri kwa ajili ya tarehe ya dakika tano. Yeye atapokea simu zako na kuzisoma nyaraka zako kumi za kwanza kabla hazijawasilishwa. Wazee wengi wa kazi wanachoka na safari za Ifakara kuliko wanavyokiri. Una kitu cha kuwapa.

Pamoja naye, tafuta wenzako watatu au wanne wa rika lako walioko miji midogo, mmoja Kahama, mmoja Korogwe, popote. Kila mmoja awe mjuzi wa jambo moja zaidi ya wengine: mmoja kazi na ajira, mmoja ardhi, mmoja jinai. Mtumiane maswali, bila majina ya wateja. Hukumu siku hizi ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, na mashauri yanawasilishwa kwa mtandao, kwa hiyo mtu wa Ifakara hapotezi siku mbili za barabara kwa ajili ya kusajili ombi moja Mahakama Kuu. Tulioanza zamani tulikuwa tunanakili hukumu kwa mkono kwenye maktaba ya mtu mwingine. Upweke wa sasa una tiba.

Na tengeneza kadi ya siku, uibandike ukutani mbele ya macho yako. CMA kwa aliyeachishwa kazi, siku 30. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, siku 45. Dai la kurudisha ardhi, miaka 12. Kila mteja mpya, kabla hujamuuliza jina la shahidi, muulize tarehe, kisha tazama ukutani.

Kwa kuwa utakuwa Ifakara, ardhi itakuwa nusu ya kazi yako. Baraza la Ardhi na Nyumba la Kilombero na Ulanga liko hapo hapo mjini, na hiyo ni neema. Lakini tangu mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu, linasuluhisha tu, na huwezi kuruka kwenda wilayani kabla halijapewa siku 30 za kujaribu. Waandae wateja wako kwa hatua hiyo kwa dhati, kwa sababu nyingine zinaishia hapo vizuri, shamba likapimwa kwa miguu mbele ya wazee, mambo yakaisha. Na unapoandika mauziano ya shamba la kijijini, usitosheke na saini ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Bila idhini ya halmashauri ya kijiji, mauziano hayo yanaweza kubatilika, na mnunuzi atakujia wewe uliyeandika. Nenda ofisini kwa mtendaji, omba muhtasari wa kikao kilichoidhinisha. Hii ni huduma unayoweza kuitoza kwa bei inayojulikana, na inazuia kesi kabla haijazaliwa.

Fedha ya mteja. Fungua akaunti mbili kabla ya mteja wa kwanza, moja ya ofisi na moja ya wateja, kama kanuni za hesabu za mawakili zinavyotaka. Mjini kila mtu analipa kwa simu. Hela ya fidia ya mtu ikiingia kwenye namba yako binafsi jioni, na asubuhi mwanao anaumwa, utajikuta unaikopa "mpaka Ijumaa". Mawakili wengi walioondolewa kwenye orodha hawakuanza wakiwa wezi. Walianza na hiyo Ijumaa. Chukua namba ya malipo ya ofisi, na kila kinachoingia kwa niaba ya mteja kihamishie akaunti ya wateja siku ile ile.

Kodi nitaisema kwa ufupi, ila usiichukulie kwa ufupi. Ile kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo haimhusu mtoa huduma za kitaaluma. Na usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa watu wa taaluma zetu hauangalii ukubwa wa mauzo, kwa hiyo kodi hiyo itakuwa ndani ya bei yako tangu ankara ya kwanza. Wakili mpya anayepanga bei bila kuijua anajikuta na deni la TRA mwishoni mwa mwaka. Mtafute mhasibu mapema, mlipe kwa miezi mitatu mitatu. Mimi naamini sheria hii inawaonea mawakili wa miji midogo, na chama chetu kina wajibu wa kuisemea, lakini mpaka ibadilike itii.

Utajulikanaje? Kujitangaza tumezuiwa, na Kanuni za Maadili za mwaka 2018 ziko wazi pia juu ya kusaka wateja na kugawana ada na asiye wakili. Dalali akikuletea mteja akataka asilimia kumi, kataa. Njia iliyo wazi ni kufundisha. Nenda kwa viongozi wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), wa AMCOS (ushirika wa wakulima), wa kituo cha bodaboda, omba nusu saa ya kueleza jambo moja tu, kwa mfano mkataba wa pikipiki uandikweje ili kijana aliyelipa miezi kumi kati ya kumi na miwili asinyang'anywe bila kitu. Usigawe kadi za biashara. Watakuuliza wenyewe uko wapi. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari, kaa kwenye meza ya msaada tangu asubuhi mpaka jioni.

Na uwe rafiki wa wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi, na katika kata nyingi wao ndio mtu wa kwanza kusikia shida. Hawaruhusiwi kutoza, hawaruhusiwi kusimama mahakamani, kwa hiyo kuna mahali wanafika wanakwama na ndipo wewe unapoanzia. Usiwalipe kwa kukuletea watu. Walipe kwa kupokea simu zao na kujibu maswali yao, na kwa kuwaheshimu mbele ya wateja. Nimewahi kumsikia wakili akimwita msaidizi wa kisheria "kishoka" hadharani. Kishoka anauza nyaraka asizo na haki ya kuandika. Msaidizi wa kisheria amepata mafunzo, amesajiliwa na anajitolea. Kuwachanganya ni dhuluma.

Jambo ambalo Dar hukulikuta ni kwamba Ifakara unamjua kila mtu. Utakuja kuletewa shauri na dada wa kanisani dhidi ya mjomba wako, na wiki hiyo hiyo mjomba amekueleza upande wake kwenye msiba. Weka daftari la majina tangu siku ya kwanza, liwe na jina la kila aliyekuja kukuomba ushauri na la anayegombana naye, na ulitazame kabla hujamruhusu mtu aanze kusimulia. Ukiona mgongano, msimamishe palepale, mpe jina la wakili mwingine. Barazani kwa mama usisikilize shauri lolote tena. Mwambie mama mapema, kwa upendo, kwamba watu waje ofisini, la sivyo siri zao zitakuwa mali ya ukoo.

Ndugu nao watataka bure. Usikatae wote wala usikubali wote. Tenga siku mbili kwa mwezi za wasiojiweza, na usiwe na mafaili ya bure zaidi ya matatu kwa wakati mmoja. Faili la bure lifanyie kazi kama la kulipwa, lenye karatasi yake ya makubaliano na tarehe zake. Likijaa, andika jina la anayesubiri. Ndugu asiyekuwa maskini alipe ada ya kawaida. Ukimfanyia bure yeye, unamnyima mjane nafasi.

Nataka kusema pia na wazee wenzangu wa kazi, wale waliokwambia usubiri. Mwaka 2007 shule ya sheria ya CUNY, Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ilianzisha mpango wa kuwakusanya wahitimu wake waliotaka kufungua ofisi ndogo za kuhudumia watu wa kipato cha chini. Wakapewa mahali pa kufanyia kazi pamoja, wakafundishwa kuendesha ofisi, wakawa na watu wazima wa kazi wa kuwauliza, na baada ya muda wakatoka kusimama wenyewe. Vyuo vingine vingi vya Marekani viliiga. Sisi hatuhitaji jengo. Ofisi yenye chumba cha ziada Morogoro inaweza kumpa wakili mpya meza kwa mwaka mmoja. Wakili mwenye mashauri sita ya Ifakara anaweza kumwachia mawili, kwa ada ya haki na siyo nauli tu. Kanda za TLS, chama chetu cha mawakili, zinaweza kuwa na orodha ya mawakili walio tayari kupigiwa simu, kila mmoja na siku yake ya juma. Tunalalamika kwamba vijana wote wamerundikana Dar es Salaam huku wilaya nzima ikiwa na mawakili wa kuhesabu kwa vidole, kisha kijana akitaka kwenda tunamwambia asubiri. Asubiri nini?

Kwa hiyo mpango wako uwe huu. Miezi iliyobaki Dar, jifunze yale manne. Fungua Ifakara kati ya Juni na Julai, mavuno yakiwa yametoka na watu wana kitu mfukoni. Chumba kidogo karibu na stendi au sokoni, chenye mlango unaofungika na kuta zisizopitisha maneno, ni bora kuliko ghorofa. Kompyuta mpakato, printa, kabati la kufuli, kadi ya siku ukutani. Ubao wa jina mdogo kwa kiasi kanuni zinachoruhusu.

Na ukipita Morogoro kwa ajili ya CMA au Mahakama Kuu, njoo na mafaili yako matatu ya kwanza tuyasome pamoja, nikiwa wa kwanza kwenye orodha yako ya simu. Anza na la yule mama ambaye mumewe aliuza mpunga wote. Kabla hujaandika chochote, kamuulize kama anataka talaka au anataka matunzo ya watoto na hela ya mpunga wake. Talaka itampitisha kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, apate Fomu Na. 3 ndipo aende mahakamani. Matunzo anaweza kuyadai akiwa bado mke. Usimchagulie. Muulize akiwa peke yake, shemeji zake wakiwa nje, kisha andika jibu lake kwa maneno yake mwenyewe uniletee.